Mechi Humalizwa na Wachezaji wa Akiba

Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye kwa kawaida hatajwi mpaka mambo yanapoharibika. Huyo ni mchezaji wa akiba, yule anayekaa benchi akisubiri kuitwa. Na kwa kuwa mchezaji wa akiba haokotwi njiani bali husajiliwa, tutazungumza pia juu ya usajili, yaani jinsi timu zinavyopata wachezaji, zinavyobadilishana na zinavyowapoteza. Nitaieleza habari hii kwa njia ya historia, maana mengi tunayobishana juu yake vijiweni yana mizizi mirefu kuliko tunavyodhani.

Nimeichagua habari hii kwa sababu ya jambo ninaloliona hapa Didia, na bila shaka nanyi mnaliona huko mliko, iwe ni Kahama, Geita, Kishapu au Mwanza. Jioni vijana wanakusanyika na simu zao, kila mmoja akiwa kocha wa timu yake ya kufikirika iliyojaa wachezaji wa Uingereza. Mchezo huo unaitwa Fantasy Premier League, nao ulianza mwaka 2002. Anayeucheza hupewa pauni milioni 100 za kufikirika, ananunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji 3 kutoka klabu moja. Kila juma anawapanga 11, na 4 wanabaki benchi. Wale wa kweli wakicheza huko Uingereza, mabao na pasi zao zinageuka kuwa pointi zake. Aliyepangwa asipocheza kabisa, wa benchi huchukua nafasi yake. Na kocha akitaka kubadilisha wachezaji kupita idadi aliyoruhusiwa, anakatwa pointi 4 kwa kila mmoja aliyezidi.

Nimekaa karibu na vijana hao nikawasikiliza. Ugomvi wao mkubwa hauwi juu ya wale nyota ambao kila mtu anao. Hugombana juu ya benchi. Huyu amemwacha nje beki aliyefunga bao, yule amemuuza mshambuliaji Ijumaa na Jumamosi akafunga mawili. Kwa maneno mengine, bila kufundishwa na mtu, wamegundua jambo ambalo makocha wa kweli walichukua karibu miaka mia moja kulikubali: kwamba mechi huanzwa na kumi na mmoja, lakini mara nyingi humalizwa na akiba.

Sasa tuanze na asili ya mchezo wenyewe. Kilichofungua njia kwa mchezo wa namna hiyo hakikuwa soka, wala hakikutokea Uingereza. Mwaka 1980 mwandishi na mhariri mmoja wa Marekani, Daniel Okrent, aliunda ligi ya kufikirika pamoja na rafiki zake, wakitumia wachezaji halisi wa besiboli. Wakaipa jina la Rotisserie, kutokana na mkahawa wa Kifaransa wa New York walikokuwa wakikutana. Kila mmoja alinunua wachezaji kwa mnada, kisha msimu mzima takwimu za magazetini ndizo zilizoamua nani anaongoza. Walikuwa na ruhusa ya kubadilishana wachezaji wao kwa wao, kama watu wanavyobadilishana mbuzi mnadani.

Besiboli, kwa wasioifahamu, ni mchezo ambao mtu mmoja hurusha mpira mdogo kwa nguvu, na wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa gongo. Hapa kwetu ni mgeni bado, ingawa kwa msaada wa Wajapani umeanza kufundishwa katika baadhi ya shule. Mrushaji ndiye moyo wa timu. Lakini mkono wa mtu una kiasi chake. Baada ya kurusha mipira mingi huchoka, na adui huanza kumzoea. Hapo kocha humtoa na kumwingiza mrushaji wa akiba. Wako wanaoingia katikati ya mchezo, na yuko mmoja anayehifadhiwa kwa ajili ya mwisho kabisa, timu yake inapoongoza kwa tofauti ndogo na hatari ni kubwa. Kazi yake ni kufunga mlango.

Kwa miaka mingi watu hao wa akiba walidharauliwa. Walionekana kuwa ni warushaji waliokosa nafasi ya kuanza. Ni mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman, aliyebuni hesabu ya michezo iliyookolewa na mrushaji wa mwisho, na mwaka 1969 hesabu hiyo ikaingizwa rasmi katika takwimu za ligi kuu ya Marekani. Okrent na wenzake walipotunga mchezo wao waliifanya kuwa moja ya mambo yanayotoa pointi. Tokeo lake ni kwamba mtu anayeingia kwa dakika chache tu akawa na bei kubwa sokoni. Ukiwa na wapigaji wengi hodari na huna wa kufunga mlango, ulilazimika kutoa mmoja wao ili umpate. Jambo lililokuwepo siku zote likaonekana kwa sababu sasa lilikuwa na hesabu yake. Na heshima ilifika. Mariano Rivera wa Panama, aliyeichezea New York Yankees hadi mwaka 2013, aliokoa michezo 652 katika maisha yake. Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kwa kura za wapigakura wote bila hata mmoja kukosekana. Wakubwa wote waliomtangulia hawakupata heshima hiyo. Aliipata mtu wa akiba.

Turudi katika soka. Soka ilichelewa sana katika jambo hili. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa kwamba walioanza ndio watakaomaliza, hata mguu ukivunjika. Wazee watakumbuka au walisimuliwa habari ya Kombe la Dunia la mwaka 1966 huko Uingereza. Pelé wa Brazil alichezewa vibaya katika mchezo dhidi ya Ureno, akaumia, na kwa kuwa hapakuwa na ruhusa ya kubadilisha mchezaji, akabaki uwanjani akichechemea. Brazil ilifungwa mabao 3 kwa 1 ikarudi nyumbani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, ligi ya Uingereza ilikuwa imeanza kulegeza kamba. Tarehe 21 Agosti 1965 Keith Peacock wa Charlton Athletic aliingia uwanjani na kuwa mchezaji wa kwanza wa akiba katika historia ya ligi ile. Hata hivyo aliruhusiwa mmoja tu, na kwa sababu ya jeraha tu. Kombe la Dunia lilikubali jambo hilo mwaka 1970 nchini Mexico, wachezaji 2 kwa kila timu, na wa kwanza kuingia alikuwa Anatoliy Puzach wa Urusi ya Kisovieti. Katika miaka ya 1990 idadi ikapanda hadi 3. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipovuruga ratiba za dunia nzima, zikaruhusiwa timu kubadilisha wachezaji 5 kwa muda, na mwaka 2022 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu. Tuitazame hesabu hiyo vizuri. Watano ni karibu nusu ya timu. Kocha wa leo asiye na benchi anaingia uwanjani akiwa na nusu ya silaha.

Waafrika tuna sababu ya pekee ya kumheshimu mtu wa akiba. Katika Kombe la Dunia la Italia mwaka 1990, Roger Milla wa Kamerun alikuwa na umri wa miaka 38. Hakuwa na pumzi ya kucheza dakika zote 90, na kocha wake alilijua hilo. Akamweka benchi, akawa anamwingiza wapinzani wanapokuwa wamechoka. Milla alifunga mabao 4 katika mashindano yale, mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Kolombia, na yote manne akitokea benchi. Kamerun ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Fikirini kama Milla angeanzishwa kila mchezo kwa ajili ya heshima ya jina lake. Huenda angetolewa nusu ya kwanza akiwa hoi, na historia ya Afrika ingekosa ukurasa ule.

Mfano wa karibu zaidi na yule mrushaji wa mwisho wa besiboli ni wa mwaka 2014 nchini Brazil. Uholanzi na Costa Rica walikuwa hawajafungana hadi dakika za nyongeza zikakaribia kwisha. Kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, akamtoa kipa Jasper Cillessen ambaye hakuwa ameumia wala hakuwa amekosea, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya mikwaju ya penalti tu. Krul akaokoa miwili, Uholanzi ikashinda. Alikaa benchi siku zote zile kwa ajili ya dakika chache.

Wazee wa Usukumani hawatashangazwa na habari hizi. Mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu yanafundisha jambo hilohilo. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kwenda upande wowote. Anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo kiongozi wa ngoma anayetoa ufundi wake wote asubuhi, jioni hana cha kuwarudisha watu wakianza kumkimbia. Hapana budi awe na kitu alichokihifadhi, na pia awe na moyo wa kutokitoa mapema.

Katika soka ya Tanzania nina mfano mmoja ninaoupenda, maana una mkono wa mtu aliyekuja baadaye kufanya kazi katika mkoa wetu. Tarehe 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga walikutana katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Hadi mapumziko Yanga ilikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 0, moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Mashabiki wengine wa Simba waliondoka uwanjani. Kocha wa Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, yuleyule aliyefunga mabao matatu Simba ilipoifunga Yanga 6 kwa 0 mwaka 1977, na msaidizi wake alikuwa Jamhuri Kihwelo, maarufu kwa jina la Julio. Kipindi cha pili kilipoanza waliwaingiza vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian. Viungo vya Yanga vikapoteza mpira. Betram Mwombeki akafunga, Joseph Owino akafunga, na zikiwa zimebaki dakika chache Gilbert Kaze akasawazisha. Matokeo yakawa 3 kwa 3. Vijana wale wawili hawakufunga hata bao moja, na ndiyo maana majina yao hayakukaa vichwani mwa watu wengi. Lakini bila wao mchezo ule ungekwisha kwa njia nyingine.

Naam, huo ndio upande wa benchi. Sasa tuuangalie upande wa usajili, maana benchi halijijazi lenyewe.

Katika miaka ya 1970 na 1980, timu nyingi za mikoani zilikuwa za mashirika ya umma, vyama vya ushirika na majeshi. Tulikuwa na Pamba ya Mwanza, RTC Kagera, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi na nyingine nyingi. Mchezaji hakuuzwa kama tunavyoelewa leo. Aliajiriwa. Barua yake ya ajira ndiyo iliyokuwa mkataba wake, na uhamisho wake ulifanana na uhamisho wa karani au fundi mitambo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulimpa kijana wa benchi kitu kimoja kikubwa: hata asipopangwa, mwisho wa mwezi alikuwa na mshahara. Mashirika yalipoanza kubinafsishwa katika miaka ya 1990, timu nyingi za namna hiyo zilikosa mlezi. Baadhi zikafa, nyingine zikashuka daraja na kukaa huko miaka mingi. Pamba yenyewe ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji.

Nafasi ya barua ya ajira ikachukuliwa na mkataba. Huko Ulaya, mahakama ilikuwa imeamua mwaka 1995, katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba wake ni mtu huru. Baadaye FIFA ikaweka utaratibu wa madirisha mawili ya usajili kwa mwaka, tunayoyaita dirisha kubwa na dirisha dogo. Hapa nyumbani FAT ikageuka kuwa TFF mwaka 2004, na polepole karatasi ikawa na nguvu kuliko ahadi ya mdomo. Nasema polepole kwa sababu tumelipa ada kubwa ya kujifunza.

Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi wa Uganda kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 zilizotajwa sana wakati ule. Fedha hazikufika kwa wakati, mchezaji naye akagombana na klabu yake mpya, shauri likapelekwa FIFA, na kabla ya mwaka huo kwisha Okwi alikuwa amesajiliwa na Yanga. Mwaka 2020 Bernard Morrison wa Ghana alihama kutoka Yanga kwenda Simba, Yanga ikidai alikuwa bado na mkataba nayo. Ubishi ulikuwa juu ya karatasi, ukaenda hadi mahakama ya michezo ya kimataifa, na mchezaji akashinda. Desemba 2022 Feisal Salum wa Zanzibar alijaribu kuuvunja mwenyewe mkataba wake na Yanga kwa kulipa fedha. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, naye akakaa nje ya uwanja kwa miezi, mpaka klabu zilipokubaliana akaenda Azam mwaka 2023. Katika mashauri yote hayo swali lilikuwa moja: nani ameandika nini, lini, na nani ameweka sahihi.

Ndugu wasikilizaji, sasa nije katika ukanda wetu huu wa almasi na dhahabu, ambao kwa miaka kumi hivi uliitikisa Ligi Kuu.

Stand United ya Shinyanga mjini, iliyozaliwa miongoni mwa wapiga debe wa stendi ya mabasi, ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15. Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ilipanda mwaka 2015 ikiongozwa na Julio yule niliyemtaja. Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji wa Geita, ilipanda mwaka 2021. Timu tatu, na kila moja ina somo lake.

Stand walijua kuchagua. Mwaka 2015 walimchukua Elias Maguli, mshambuliaji aliyeachwa na Simba. Mtu aliyeonekana hana nafasi Dar es Salaam akafunga mabao katika uwanja wetu wa Kambarage, akaitwa Taifa Stars, na tarehe 14 Novemba 2015 akafunga dhidi ya Algeria katika mchezo uliokwisha kwa 2 kwa 2, bao jingine likiwa la Mbwana Samatta. Mwaka uliofuata Maguli akaenda Oman kuichezea Dhofar. Huo ulikuwa usajili wa macho makali. Wakati huo kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi, ilikuwa mdhamini wa timu. Lakini mwaka 2016 ulizuka mgogoro wa uongozi, pande mbili zikidai timu ni yake, na mdhamini akajiondoa. Timu iliendelea kutoa vipaji hata baada ya hapo. Septemba 2018 Alex Kitenge wa Burundi aliifungia Stand mabao matatu dhidi ya Yanga jijini Dar es Salaam, na bado Yanga ikashinda 4 kwa 3. Mtu mmoja hodari anaweza kufunga matatu. Hawezi kufunga matatu na kuzuia manne. Mwisho wa msimu huo, mwaka 2019, Stand ikashuka daraja.

Mwadui ilishuka mwaka 2021. Geita Gold ikapanda mwaka huohuo kama mtu anayepokea kijiti. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa ajabu. George Mpole alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa ligi nzima, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Geita ikashika nafasi ya nne, ikaenda kucheza mashindano ya Afrika. Kabla msimu uliofuata haujakwisha, Mpole alikuwa amehamia Lupopo ya Lubumbashi. Mwaka 2024 Geita Gold ikashuka daraja. Sisemi kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoishusha timu, maana kushuka daraja kuna sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba timu ya mkoani, ikipata nyota, ijue tangu siku ile ya kwanza kwamba atachukuliwa, na aliye nyuma yake aandaliwe kabla hajaondoka. Simba au Yanga akiondokewa na mshambuliaji, ananunua mwingine. Sisi wa huku dirisha likifungwa tumeachwa tunatazamana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale vijana wangu wa simu. Katika mchezo wao, ukimuuza mchezaji bei yake inarudi mfukoni mwako papo hapo, na unamnunua mwingine. Katika maisha ya kweli ya timu za vijijini, kijana huondoka na hakuna kinachorudi. Mtu anakuja na gari, anamwona mtoto wa miaka 15 akicheza vizuri katika uwanja wa shule, anazungumza na baba yake, na baada ya juma moja mtoto yuko Mwanza au Dar es Salaam. Waliomnunulia viatu na kumfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto wanabaki na hadithi.

Haikupaswa kuwa hivyo. Tangu mwaka 2001 FIFA ina utaratibu unaosema kwamba mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujakwisha, asilimia 5 ya fedha hizo zigawiwe klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu hupata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, hupata nusu ya asilimia moja. Tufanye hesabu. Kijana akiuzwa kwa dola milioni moja, klabu iliyokuwa naye kwa misimu miwili alipokuwa na miaka 16 na 17 inastahili dola 10,000. Kwa timu ya kata, hizo ni fedha za kuendesha shughuli zake kwa miaka. Na kila akiuzwa tena kwa namna hiyo, mgawo unarudi tena. Mfikirieni Samatta. Alitoka African Lyon, zamani ikiitwa Mbagala Market, akaenda Simba, mwaka 2011 akanunuliwa na TP Mazembe, mwaka 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, mwaka 2020 Aston Villa ya Uingereza. Kila hatua kama hiyo ni nafasi ya wale waliomlea kufungua daftari lao.

Lakini mgawo huo una masharti. Timu iwe mwanachama wa chama cha soka, na kijana awe amesajiliwa kwa jina lake na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa, misimu yake yote ikionekana. Tangu Novemba 2022 FIFA imeweka ofisi ya kupitishia malipo hayo, nayo inafuata kumbukumbu za usajili zilizomo katika kompyuta. Timu ambayo haimo katika kumbukumbu ni kama haikuwahi kuwepo. Na mtoto aliyepunguziwa miaka ili acheze mashindano ya vijana, hesabu yake yote inavurugika, naye anaweza kufungiwa.

Wachimbaji wadogo wa ukanda huu wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Mawe yakitoka shimoni, mwenye leseni ana mifuko yake, mwenye duara ana yake, na wachimbaji wana yao. Ambaye hakuandikwa, hata kama alichimba usiku kucha, siku ya mgawo atalia peke yake. Sasa kwa nini tukubali katika mpira kile tusichokikubali machimboni?

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa viongozi wa timu zetu za Didia, Tinde, Kishapu, Nyarugusu na kwingineko. La kwanza, mtendeeni vyema mchezaji wa benchi. Mpeni mazoezi sawa na wengine, nauli sawa na wengine, na mwelezeni kazi anayohifadhiwa kuifanya. Kijana anayejua kwamba ataingia dakika ya 70 kumkimbiza beki aliyechoka hujiandaa. Anayedhani ametupwa huacha kuja mazoezini, na siku mnapomhitaji hayupo.

La pili, nunueni daftari. Liwe gumu, lenye kurasa nyingi, na liwekwe mahali pasipovuja. Andikeni jina la kila kijana, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyojiunga na siku aliyoondoka na alikokwenda. Kisha pelekeni majina hayo katika chama cha soka cha wilaya, timu isajiliwe, vijana wasajiliwe, na risiti zitunzwe. Ni kazi isiyo na makofi. Lakini wale vijana wa simu wanaokumbuka pointi za kila mchezaji wa Uingereza kwa misimu mitatu iliyopita wanaweza kabisa kuwa makatibu wazuri wa timu zetu. Ujuzi wa kutunza takwimu wanao tayari. Apewe mmoja wao daftari hilo wiki hii, kabla dirisha jingine halijafunguliwa na kijana mwingine hajaondoka.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.